Kubana na kugundisha gitaa la mbao ukiwa kisiwani: fito za mianzi, mipira ya baiskeli, kamba na kabari

Kama ushawahi kutengeneza kitanda au mlango basi kugundisha mbao unakujua, lakini gitaa ni kitu chengine kabisa yakhe. Mlango una ulimi na tundu lake, una misumari, una uzito wa kutulia wenyewe. Gitaa hamna msumari hata mmoja wa kutegemea, uso wake una unene wa milimita 2 na nusu hadi 3 tu, na ukishafunga nyuzi sita za chuma za saizi nyepesi zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 70 mchana na usiku (za nailoni kama kilo 40 hivi). Mzigo wote huo unabebwa na gundi, na gundi haifanyi kazi yake kama mbao hazikubanwa sawasawa ikiwa bado mbichi.

Mie niko Wete, Pemba. Fanicha ndio kazi yangu ya kila siku, magitaa ni mapenzi. Ukitazama video za mafundi wa Ulaya na Marekani utaona ukuta mzima wa klempu, yaani vile vyuma vya kubania mbao, hamsini, sitini, unakata tamaa kabla hujaanza. Huku kwetu klempu nzuri ya koo refu uisubiri kwenye meli, na ikija inakuja moja. Basi ntakwambia ninavyobana mie, karibu kila kitu ni cha kutengeneza mwenyewe: mianzi, mipira ya ndani ya baiskeli, mabaki ya bomba la PVC, vibanio vya nguo na kandambili mbovu. Nna jiklempu (klempu za umbo la herufi G) za kawaida nane tu na zinantosha.

Majina kwanza ili tuelewane. Uso ni ule ubao wa mbele wenye tundu, mgongo ni wa nyuma, mbavu ni zile mbao mbili zilizokunjwa za pembeni. Vile vibao vyembamba vinavyogundishwa ndani ya uso na mgongo kuupa nguvu mie naviita mataruma, kwa sababu wajenga majahazi ndivyo wanavyoyaita yale ya ndani ya chombo na kazi ni ileile. Kalibu ni ile fremu ya kushikilia mbavu zisipoteze umbo. Daraja ni kile kibao kinachogundishwa juu ya uso nyuzi zinapofungwa, na kitako ni kile kipande chembamba ndani ya daraja nyuzi zinapolala. Ubao wa vidole ni ule wa juu ya shingo, na freti ni vile vyuma vyake vilivyokingama.

Kabla ya klempu yoyote: unyevu

Hapa ndipo wengi wetu wa visiwani tunapoharibu, na hakuna klempu itakayokuokoa. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haisogei. Sasa mataruma mengi yanapita kukingama, yaani urefu wa taruma unakaa juu ya upana wa uso. Ukiyagundisha siku ya masika hewa imejaa maji, uso ushavimba, ukalibana taruma pale pale, siku gitaa likiingia kwenye chumba cha kiyoyozi uso unataka kusinyaa na taruma linaukatalia. Kitakachotokea ni uso kudidimia au kupasuka. Nliuza gitaa moja kwa mgeni akaondoka nalo kwao wakati wa baridi, nyumba zao zina hita hewa inakuwa kavu kama bati la jua kali, haujapita muda akaniletea picha, ufa umetoka kwenye daraja mpaka chini kabisa. Lilikuwa gitaa zuri wallahi, na kosa lilikuwa langu, nligundisha mwezi wa nne.

Mafundi wa magitaa wanataka unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50. Kwetu siku ya kawaida ni 75, 80, masika zaidi. Kwa hiyo nunua kile kipimo kidogo cha unyevu, vya rahisi vipo, lakini usikiamini hivi hivi. Chukua kifuniko cha soda, tia chumvi ya jikoni, idondoshee maji kidogo iwe rojo nzito isiyeyuke yote, weka pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, acha usiku kucha. Asubuhi lazima kisome 75, hiyo ni sifa ya chumvi haibadiliki. Kikisoma 70 basi ujue kila siku unaongeza 5. Changu kinazidisha 4, nimeandika kwa kalamu nyuma yake.

Halafu tengeneza kabati. Mie nlichukua kabati bovu la nguo nkaziba nyufa, ndani nkatia balbu mbili za zamani zile za waya zinazotoa joto, taa za LED hazifai hapa kwa sababu hazipashi. Joto likipanda kidogo unyevu unashuka. Uso, mgongo na mataruma yake vinakaa mle wiki moja, kipimo kikisoma 45 hadi 50 ndio navitoa, nagundisha saa ileile, navirudisha. Kabati usiliwashe wakati wa mvua ukaamini litashinda yote, mie nachagua siku. Kwa mtu wa Pemba ni rahisi kukumbuka, siku nzuri ya kugundisha mataruma ni ileile ambayo mama angeanika karafuu bila ya kuangalia juu mara mbili.

Gundi yenyewe sitakaa sana. Gundi nyeupe au ya manjano ya mbao ya kawaida inatosha, ile ya Titebond ya kibandiko chekundu ndiyo wengi wanaitumia duniani kwa magitaa. Ile isiyoingia maji ya nje usiitumie kwenye daraja, siku ya kurepea itakutesa. Gundi ya ngozi ya ng'ombe ya kuchemsha ni nzuri mno, inakauka ngumu kama kioo, ila inataka ipashwe kama nyuzi 60 wakati wote wa kazi na umeme ukikatika katikati umekwama, na lazima uwe na mikono miepesi. Anza na ya chupa.

Klempu haitengenezi jointi

Hili ndilo nataka ulishike kuliko yote. Watengenezaji wa gundi wanasema mbao laini kama sprusi, ule mti wa Ulaya na Marekani unaotumika sana kwa uso wa gitaa, zinataka mgandamizo wa kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita mraba moja. Sasa piga hesabu. Taruma la upana wa milimita 8, ukiliwekea ufito mmoja wa kilo 4 kila sentimita 4, unapata kilo moja na robo tu kwa sentimita mraba. Mbali kabisa na hiyo 7. Na bado magitaa ya namna hiyo yanadumu miaka mingi mno. Kwa nini? Kwa sababu taruma limechongwa likakaa vizuri kabla ya gundi, klempu inalishikilia tu lisisogee na kuitoa gundi iliyozidi. Ukiona unakaza klempu ili mwanya ufunge, acha, fungua, rudi kwenye randa. Mwanya uliofungwa kwa nguvu ni springi inayosubiri, itakuja kufunguka siku ya joto.

Ndio maana kila kitu unabana kavu kwanza bila gundi. Kila kitu. Weka klempu zote mahali pake, tazama kwa taa ya simu, hesabu, zipange mezani kwa mpangilio ule ule. Gundi ya chupa inakupa kama dakika 5 ikiwa wazi, na kwenye karakana ya bati saa nane mchana hata hizo hupati, feni ikikupigia ndio ngozi inashika juu upesi zaidi. Zima feni, gundisha asubuhi. Na kanuni yangu ya muda: gundi inasema nusu saa kwenye klempu, mie kwa unyevu wetu sifungui chini ya saa 3, na sichongi wala sitii nguvu mpaka saa 24 zipite.

Chini na juu ya kila jointi weka nailoni. Usiposhika hili utagundisha gitaa na meza.

Kuunga uso na mgongo: hema

Uso ni vipande viwili vya mbao moja iliyopasuliwa kama kitabu, vinaungwa katikati. Vikunje pamoja kama kitabu kimefungwa, vibane kwenye jiliwa, pitisha randa ndefu kwenye kingo zote mbili kwa pamoja, hivyo hata kama randa imelala kidogo makosa yanafutana ukivifungua. Kisha viinue dirishani kingo zikigusana. Ukiona mwanga, hata wa unywele, rudia. Mie mara nyingine narudia mara kumi na sioni aibu.

Sasa ubanaji. Huhitaji klempu hata moja. Chukua ubao mnyofu, laza nailoni, weka vipande viwili vimegusana katikati, na katikati chini ya jointi weka kijiti chenye urefu wa kutosha, unene kama sentimita moja, ili vipande visimame kama paa la hema. Pigilia misumari kwenye ubao ikigusa kingo za nje za vipande vyote viwili, kila sentimita 8 hivi (acha milimita 5 za ziada upande wa nje maana misumari itaacha alama). Toa kijiti, tia gundi kwenye kingo, rudisha vikae kama hema, kisha kandamiza katikati kwa viganja mpaka vilale. Vikilala vinajisukuma vyenyewe kwa nguvu kubwa, utaona shanga za gundi zinatoka mstari mzima. Juu weka nailoni, kibao, na mawe mawili ya kutulia. Basi. Kama shanga zimetoka upande mmoja tu na mwengine pakavu, fungua upesi, pana tatizo kwenye kingo.

Njia ya kamba na kabari nayo ni nzuri na wa Spania wameitumia tangu zamani. Unalaza vipande juu ya vipande vitatu vya boriti vilivyokingama, vyengine vitatu juu, unazungusha kamba kwa kupishana, halafu unagonga kabari chini ya kamba moja baada ya nyengine. Inavuta pembeni na kukandamiza chini kwa wakati mmoja. Kwa uso mwembamba mie bado napenda hema, mgongo wa mninga au mkangazi ulio mzito natumia kamba.

Mataruma: sanduku la fito

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Unatengeneza kitu kama kitanda cha ghorofa kidogo, ubao wa chini na ubao wa juu wa plaiwudi ya milimita 18, sentimita 60 kwa 60, nguzo nne, kati yake sentimita 60 wazi. Uso unalala chini, taruma juu yake, na fito zinazopinda zinasukuma kati ya taruma na ubao wa juu. Kwa namna hiyo unafika hata katikati ya uso ambapo klempu yoyote haifiki.

Ubao wa juu uupe mihimili ya mbao nene, usidharau hili. Fito 40 za kilo 4 ni kilo 160 zinausukuma juu, wangu wa kwanza ulipinda kama upinde nikiutazama na fito za katikati zikalegea.

Fito: mwanzi mkavu, uliopasuliwa, uchonge upana sentimita 1 na unene milimita 5, urefu uzidi nafasi iliyopo kwa sentimita 3. Nafasi ipime kutoka mgongo wa taruma mpaka ubao wa juu, sio kutoka chini. Ncha zote mbili zitie kipande cha kandambili kwa gundi ili isiteleze na isikwaruze. Halafu kila ufito uupime: weka mizani ya jikoni chini, inua kwa vibao mpaka nafasi iwe ileile ya kazini, pinda ufito juu ya mizani, soma. Utashangaa, ukiusukuma upinde zaidi namba karibu haisogei, kinachobadilisha nguvu ni unene na urefu wa ufito wenyewe. Na unene ni mkali mno, ukiongeza mara mbili nguvu inazidi mara 8, kwa hiyo ukikuta ufito wa kilo 6 uparuze kidogo tu na msasa, pima tena, paruza tena. Zangu nimezipanga mafungu mawili, kilo 3 kwa mataruma membamba, kilo 4 hadi 5 kwa makubwa, nimezifunga kwa nyuzi za rangi.

Vaa miwani. Ufito ukiruka unaruka usoni.

Mgongo wa gitaa sio bapa, una mbinuko kama kipande cha mpira mkubwa wa nusu kipenyo cha mita 4 na nusu, na uso mbinuko mdogo wa mita 8 au zaidi. Kwa taruma la sentimita 36 maana yake katikati limepanda milimita 3 na nusu hivi kwenye mgongo, na 2 kwenye uso. Chora mviringo huo kwenye kadibodi ngumu, kata, ndio kipimo chako cha kuchongea. Chini ya uso nako lazima pawe na bonde linalolingana, kama huna bonde la kuchongwa tia mikanda ya kadibodi pembezoni, inapishana ngazi ngazi, nje nyingi katikati hamna. Taruma lisuguliwe juu ya msasa uliolazwa kwenye bonde lenyewe mpaka vumbi litoke urefu mzima sawa.

Sasa gundisha. Paka gundi kwenye taruma tu, tabaka jembamba, lisugue mbele nyuma mara mbili mpaka usikie limeshika, weka mahali, ufito wa kwanza katikati, kisha ncha, kisha jaza. Ncha za taruma usizinyime, zikiachia ndiko uvumi mbaya wa sauti unakotoka. Mataruma mawili matatu kwa mara moja yanatosha, usitake kumaliza yote. Baada ya dakika 15 au 20 gundi iliyotoka inakuwa kama jeli, kata mrija wa soda kwa mshazari, uusukume kwenye kona, gundi inaingia ndani ya mrija inatoka safi bila ya kuloanisha mbao. Hiyo mrija ni kitu kidogo lakini ndani ya gitaa patakuwa pasafi kama panapotazamwa.

Mbavu na ukanda wa ndani

Ule ukanda wenye mikato mikato unaogundishwa kwenye ukingo wa ndani wa mbavu ili uso upate pa kukaa, huo ni wa vibanio vya nguo. Vya mbao, vya plastiki vinavunjika springi. Kila kibanio kizungushie mpira wa baiskeli mzunguko mmoja mdomoni kiongeze nguvu. Unahitaji vingi, kila sentimita 2, na kama huna basi kata bomba la PVC la inchi 2 vipete vya upana wa sentimita 2, kila kipete kipasue mahali pamoja, kikifunguliwa kinang'ata. Mafundi bomba wanatupa mabaki kila siku, waombe. Vipete hivi vinabana zaidi ya vibanio na havichoki, mie sasa hivi natumia hivyo karibu vyote. Bana mbavu zikiwa ndani ya kalibu, anzia kiunoni ambako ukanda unakataa kukunja, malizia kwenye mabega.

Kufunga boksi

Hapa uso na mgongo vinagundishwa kwenye mbavu, na tunahitaji shinikizo la pembeni mzunguko mzima. Mzunguko wa gitaa la kawaida ni kama sentimita 150, ukibana kila sentimita 4 unahitaji klempu 36 au 38. Zitengeneze: nondo nyembamba ya thredi ya milimita 6 inauzwa kwa mita, mita moja inatoa vipande 6 vya sentimita 16, kwa hiyo mita 6 zinatoa 36. Kila kipande kinapata vidonge viwili vya mti wa fagio la urefu wa sentimita 2 vilivyotobolewa katikati, washa, nati chini, nati ya masikio juu, na uso wa kidonge unaogusa gitaa ubandike kandambili. Jioni mbili tatu umemaliza na zitakaa maisha.

Nondo inapita nje ya ubavu, vidonge vinashika ukingo wa juu na wa chini, kwa hiyo kalibu inabidi itoke, ndani acha vijiti vya kutanua visaidie mbavu zisiingie kiunoni. Kaza kwa vidole tu. Anza kwenye bloku la juu na la chini (vile vipande vinene vya mti vya ndani, shingoni na mkiani), kisha kiuno, kisha jaza pande mbili kwa zamu, kulia moja kushoto moja. Ukishafika mwisho rudi mzunguko wa pili, za mwanzo zitakuwa zimelegea maana gundi imetoka. Tazama ukingo mzima kwa taa, lazima uone shanga kila mahali.

Kama hujapata nondo, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa mkanda mrefu wa sentimita 3, unganisha mitatu minne, zungushia boksi zima kama anavyofungwa mzigo kwenye keria, juu na chini umeweka fremu ya plaiwudi ya umbo la gitaa. Inabana kwa usawa wa ajabu. Mpira huo huo ndio nautumia kwa zile nakshi za pembezoni, tepu kila sentimita 3 kisha mpira juu yake, kiunoni nasukuma kwa kijiti.

Shingo

Jointi ya kichwa ya mshazari wa nyuzi 14 au 15 inateleza, ndiyo tabia yake, unakaza inakimbia kama sabuni. Laza vipande vyote viwili kwa ubavu juu ya ubao mnyofu, pigilia kibao cha kuzuia kwenye kila ncha visirudi nyuma, ndio ukaze. Wengine wanatia punje tatu nne za chumvi kwenye gundi zing'ate mbao, inafanya kazi, nimeifanya kwenye kisigino cha shingo chenye vipande vilivyopangwa juu kwa juu.

Ubao wa vidole ugundishe kabla hujachonga mgongo wa shingo, ungali mraba unabanika. Gundi ina maji, maji yanauvimbisha ubao wa vidole kwa chini na shingo inapinda kurudi nyuma, kwa hiyo paka kidogo, na juu weka mbao ngumu nyofu yenye urefu wa shingo nzima. Vijisumari viwili vya milimita 1 na nusu, kimoja kwenye mkato wa freti ya kwanza na kimoja ya 12, vipake mshumaa, vipigilie wakati wa kubana kavu ili siku ya gundi ubao ukae pale pale, uvitoe gundi haijawa ngumu. Klempu zianze katikati ziende nje. Ukiwa na mpingo ukwangue upya siku ileile ya kugundisha, ukikaa siku kadhaa juu panashika mafuta na gundi haipendi. Hii acha usiku kucha, usiwe na haraka nayo.

Daraja

Daraja ndilo linalobeba kilo zote zile, na linabanwa mahali pagumu kuliko pote, ndani kupitia tundu. Gitaa langu la pili lilikuwa limekamilika na limeng'arishwa, nkabana daraja jioni, asubuhi kuna milimita 2 limesogea kuelekea chini. Gundi mbichi ni kama mafuta, klempu ikivuta mshazari kidogo tu linateleza na huoni. Ukipiga noti wazi iko sawa, ukibana freti ya 12 haiko. Nlilitoa kwa joto na kisu cha bapa, kazi ya siku mbili, tangu hapo daraja halitoki mkononi mwangu bila bolti.

Fanya hivi. Kwa nyuzi za nailoni na urefu wa milimita 650, kutoka nati ya shingo (kile kipande chenye mikato nyuzi zinapopita kuingia kichwani) mpaka freti ya 12 ni 325, kutoka hapo mpaka kitako cha nyuzi tia 327, hizo 2 za ziada ni za kufidia nyuzi zinavyovutika ukizibana. Za chuma zinataka zaidi na kitako kinakaa mshazari, upande wa nyuzi nene unarudi nyuma. Pima mara tatu, zungushia tepu. Chora mpaka wa daraja kwa ncha ya wembe, toa vanishi yote ndani ya mpaka, ukingoni acha nusu milimita isionekane. Chini ya daraja usiliache bapa maana uso una mbinuko: laza msasa juu ya uso pale pale daraja litakapokaa, sugua daraja juu yake mpaka likae bila kucheza.

Kisha toboa matundu mawili ya milimita 3 ndani ya mfereji wa kitako, karibu na ncha zake, yapite mpaka ndani ya uso. Bolti mbili nyembamba zinapita hapo na zinalizuia lisisogee hata unywele, baadaye kitako kinayafunika hakuna atakayejua. Ndani weka kibao cha kinga chenye mifereji pale mataruma yanapopita, kama hakina mifereji kitakaa juu ya mataruma na daraja litabanwa hewani. Hakikisha kwa kioo kidogo na taa ya simu.

Klempu ya koo refu nlitengeneza kwa mninga: mikono miwili ya sentimita 30, bolti ya kwanza katikati inaivuta pamoja, ya pili nyuma kabisa inaitanua, ukizungusha ya nyuma midomo ya mbele inang'ata. Pima kutoka ukingo wa tundu mpaka daraja kabla ya kukata, ukiongeza sentimita 3 hujuti. Tatu zinatosha, moja katikati na moja kila bawa.

Paka gundi chini ya daraja, tabaka la kuonekana mbao kwa mbali, likandamize, tia bolti kaza kwa vidole, klempu ya katikati, kisha mabawa kwa mkono mwepesi kidogo, ncha za mabawa ni nyembamba ukizikandamiza mno zinapinda. Baada ya dakika 5 pima tena zile 327. Futa gundi kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Saa 24, na kama mvua inanyesha mie naacha 48, na gitaa lisikae kwenye karakana ya bati wala ndani ya gari juani, gundi ya aina hii ikipita nyuzi 60 inalegea na daraja ndilo la kwanza kuinuka.

Ukishatoa klempu chukua wembe, jaribu kuupenyeza chini ya ukingo wa daraja mzunguko mzima, hasa nyuma. Ukiingia hata pembe ya wembe usifunge nyuzi, litoe ulirudie, najua inauma. Usipoingia tia nyuzi, siku ya kwanza zishushe toni nzima chini ya kawaida, zilale hivyo, asubuhi pitisha wembe tena nyuma ya daraja ndio uzipandishe mahali pake.